Kocha msaidizi: ametoka wapi, na kwa nini yeye ndiye huachiwa timu?

Simba au Yanga ikimaliza mechi, ujumbe mfupi unaoingia studio kwetu hauwi wa magoli peke yake. Kutoka Dongobesh, Haydom, Katesh na Endasak swali moja hurudi: yule anayesimama karibu na kocha mkuu ni nani, alikuwa anafanya nini kabla, na kwa nini kocha wa kigeni akiondoka yeye ndiye anakabidhiwa mikoba? Hewani muda huwa hautoshi, kwa hiyo tumeyaandika hapa mpate kuyasoma kwa nafasi.

Tuanze na jina ambalo Manyara tunalijua kwa kazi nyingine. Marehemu Joel Bendera alikuwa Mkuu wetu wa Mkoa hadi 2017, na wengi wetu tulimfahamu kwenye ziara na mikutano ya hadhara. Kabla ya siasa alikuwa mtu wa mpira. Alikuwemo kwenye benchi la ufundi la Taifa Stars iliyofuzu fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 kule Nigeria, ambako timu ilikuwa pia na Mpolandi Slawomir Wolk. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania, na tulisubiri hadi 2019 kurudi. Mmoja wa makipa wa kikosi kile, Juma Pondamali, baadaye alikuwa kocha wa makipa wa Yanga na wa Taifa Stars. Ukimwona mtu mzima anawapigia makipa mipira nusu saa kabla ya mechi, huyo naye ni msaidizi, na karibu kila mara aliwahi kusimama golini.

Njia ya kwanza ya kufika kwenye benchi, basi, ni kucheza. Selemani Matola alikuwa kiungo na nahodha wa Simba iliyowatoa Zamalek ya Misri mwaka 2003, wakati Zamalek wakiwa mabingwa watetezi wa Afrika. Juma Mgunda alikuwemo kwenye Coastal Union ya Tanga iliyotwaa ubingwa wa Tanzania Bara 1988. Charles Boniface Mkwasa aliichezea Yanga na Taifa Stars kabla ya kuwa msaidizi wa Mholanzi Hans van der Pluijm pale Jangwani.

Lakini kucheza hakutoshi, na hapa ndipo wasikilizaji wengi hukosea wanapodhani klabu kubwa humpa mtu kiti kwa sababu ya jina. Matola alikwenda kwanza kufundisha timu ndogo. Akiwa na Lipuli ya Iringa aliifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF 2019 mjini Lindi, wakafungwa na Azam bao 1-0. Akapita Polisi Tanzania, na Desemba 2019 akaitwa Simba kuwa msaidizi wa Mbelgiji Sven Vandenbroeck. Mgunda naye aliifundisha Coastal Union kabla Simba haijamwita.

Sasa tuje kwenye swali la mikoba. Kocha wa kigeni husaini mkataba, akiondoka huondoka na watu aliokuja nao. Msaidizi wa hapa nyumbani hubaki kwa sababu anawajua wachezaji na lugha yao, na pia, tuseme ukweli, kwa sababu gharama yake ni ndogo. Vandenbroeck alipoondoka Januari 2021, Matola ndiye aliyeiongoza Simba kwenye Kombe la Mapinduzi Zanzibar. Baadaye akakaa pembeni ya Didier Gomes, Pablo Franco, Robertinho, Benchikha na Fadlu Davids. Makocha wakuu watano wengine, msaidizi yule yule, ingawa naye aliwahi kutoka kwa muda na kurudi.

Habari ya Mgunda inaonyesha kazi hii ilivyo ngumu. Septemba 2022 Zoran Maki aliondoka Simba ghafla, Mgunda akaletwa kama kaimu. Akawatoa Nyasa Big Bullets ya Malawi na Primeiro de Agosto ya Angola, timu ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2023 klabu ikamleta Robertinho kutoka Brazil, Mgunda akawa msaidizi. Aprili 2024, Benchikha alipoondoka, akaitwa tena kushika timu.

Kuna wanaoshuka kutoka juu pia. Cedric Kaze wa Burundi alikuwa kocha mkuu wa Yanga kuanzia Oktoba 2020 hadi Machi 2021. Akarudi klabu ile ile kama msaidizi wa Nasreddine Nabi, na pamoja wakaifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Nabi alipokwenda Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini, Kaze akamfuata huko mwaka 2024. Wapo waliocheka aliporudi Yanga kwa cheo cha chini. Sisi tunaona alifanya hesabu nzuri.

Kwenye timu ya taifa, mfano wa karibu ni Hemed Suleiman wa Zanzibar, anayeitwa Morocco. Alikuwa msaidizi wa Adel Amrouche kwenye fainali za Afrika kule Ivory Coast, Januari 2024. Stars wakafungwa 3-0 na Morocco, nchi yenyewe, Amrouche akafungiwa na CAF kwa maneno aliyoyasema, na Hemed akapewa timu katikati ya mashindano, Mgunda akiwa msaidizi wake. Wakatoka sare 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na DR Congo. Safari hii kaimu hakurudishwa kitini. Novemba 2024 akaifunga Guinea 1-0 kwa Mkapa na kufuzu fainali za 2025, na Agosti 2025 akafika robo fainali ya CHAN. Hata hivyo Novemba 2025, fainali zikiwa zimekaribia, TFF ikaachana naye na kumpa timu Miguel Gamondi wa Argentina.

Jambo la mwisho ni karatasi. Leseni za CAF huanzia D, kisha C, B, A, na juu kabisa Pro. Mwaka 2021 CAF iliikataa leseni ya Didier Gomes kwa mechi zake, hivyo Simba ikamchukua Mnyarwanda Thierry Hitimana awe msaidizi ambaye kwenye mechi za CAF ndiye angekaa kama kocha mkuu. Msaidizi alikuwa na leseni iliyotakiwa, bosi wake hakuwa nayo.

Kwa vijana wa Mbulu na Hanang wanaotuuliza waanzie wapi, kozi za Leseni D hutangazwa na TFF na vyama vya mpira vya mikoa. Pita kwenye chama cha wilaya yako, uliza sifa, ada na tarehe kabla hujatafuta nauli. Walimu wa michezo shuleni wana nafasi nzuri, kwani tayari wana watoto wa kuwafundisha. Na kama hujawahi kuliona benchi la Ligi Kuu kwa macho, Fountain Gate wamekuwa wakicheza nyumbani Babati, uwanja wa Tanzanite Kwaraa. Fika mapema timu zikipasha misuli moto. Muda huo kocha mkuu mara nyingi husimama tu akitazama, na wanaofanya kazi ni wasaidizi.