Kaiija

Shuleni Buganguzi nilikariri piramidi za Misri. Katuruka, iliyo hapahapa Bukoba, sikuisikia. Nilifika huko ukubwani. Mwongozaji alitupeleka kwenye msonge wa kaburi la Mfalme Rugomora Mahe, wa karne ya 17, kisha mahali pa Kaiija, mti mtakatifu ambao haupo tena. Wazee walisimulia kuwa hapo mfalme alifulisha chuma ili ajenge mnara wa kufika mbinguni. Mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza, akachimba, akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya miaka 2,000 na zaidi. Chuma kilimtangulia mfalme, na wazee ndio walioitunza habari yake. Sasa nao wanapungua. Jioni nilimpigia bibi simu, nikamuuliza kilima chetu kiliitwaje zamani. Akacheka: “Mbona umechelewa kuuliza, mjukuu wangu?”