Tumbaku, Kadimi na Askari wa Mwili: Historia ya Maarifa Yaliyokosa Lugha katika Arua na Koboko

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia mbili zilizokwenda sambamba bila kukutana: historia ya kilimo cha tumbaku katika eneo la West Nile, Uganda, na historia ya utafiti kuhusu athari za kadimi kwa chembe za kinga za wanyama. Yanadai kwamba Kiswahili kinaweza kuzikutanisha, mradi istilahi zake zichaguliwe kwa kuzingatia historia ya wazungumzaji.

1. Zao na Watu Wake

West Nile iliingizwa Uganda mwaka 1914, baada ya kuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji hadi mwaka 1910 na kisha chini ya Sudan. Mwaka huohuo wa 1914 A. E. Weatherhead aliweka makao ya utawala mjini Arua. Serikali ya kikoloni iliitazama sehemu hiyo kwanza kama ghala la nguvukazi: vijana wa Kilugbara na Kikakwa walikwenda kusini kufanya kazi za mashamba, na wengine wakaingia jeshini. Katika kipindi cha kati ya vita vikuu viwili vya dunia, tumbaku ikawa zao la fedha lililomwezesha mkulima kulipa kodi bila kuhama kwake. Majani yalikaushwa kwa moto wa kuni, na kazi ya kuyachambua ilishirikisha kaya nzima. Vita vya mwaka 1979 na machafuko yaliyofuata viliwapeleka wakazi wengi ukimbizini Kongo na Sudan. Waliporejea, wengi walilirudia zao lilelile.

2. Kadimi na Chembe za Kinga

Kadimi ni metali iliyogunduliwa na Friedrich Stromeyer huko Ujerumani mwaka 1817. Mtumbaku ni miongoni mwa mimea inayoifyonza kutoka ardhini na kuilimbikiza majanini. Mbolea za fosfeti nazo huweza kuiongeza shambani. Dunia ilishtuka mwaka 1968, serikali ya Japani ilipokiri kwamba maradhi ya mifupa na figo yaliyowatesa wakazi wa bonde la mto Jinzu, Toyama, yalitokana na kadimi ya mgodini.

Swali la kinga lilifuata. Mwaka 1973 Loren Koller, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba sungura waliopewa kadimi, kisha wakaambukizwa virusi, walitoa kingamwili pungufu. Tafiti zilizofuata, hasa kwa panya, zilieleza zaidi: tezi ya thaimasi husinyaa, limfosaiti changa hufa kabla ya kukomaa, na chembe zinazomeza vijidudu hupungukiwa nguvu. Matokeo hayo hayalingani daima, kwani dozi, muda na njia ya kuingia mwilini hubadili picha. Dozi ndogo huweza hata kuchochea kinga. Mwili nao hujitetea kwa metalothionini, protini iliyotambuliwa mwaka 1957 katika figo za farasi, ambayo huifunga kadimi. Hata hivyo, kilichofungwa hakijatoka: kadimi hukaa figoni kwa miongo ya miaka. Ndiyo maana upimaji wa kadimi kwa mifugo hulenga figo na maini kuliko mnofu.

3. Neno “Askari” Mbele ya Msikilizaji wa Koboko

Mwaka huohuo wa 1973 Idi Amin, mwenye asili ya Koboko, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Lakini lugha hiyo ilikuwa tayari imefika West Nile kwa njia ya kambi na soko, ikiishi pamoja na Kinubi, Kikakwa na Kilugbara. Baada ya mwaka 1979, kwa Waganda wengi Kiswahili kilibaki na harufu ya bunduki.

Elimu ya afya kwa Kiswahili huziita chembe nyeupe za damu “askari wa mwili”. Sitiari hii hufahamika upesi, lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya kihistoria: katika kaya iliyopoteza watu kwa mikono ya askari, neno hilo halimaanishi ulinzi tu. Ya pili ni ya kisayansi: kadimi si adui anayevamia na kupigwa. Huharibu mahali ambapo walinzi hulelewa, hivyo mfugaji humwona mbuzi akifa kwa homa ya kawaida asijue kwamba kinga yake ilikwisha kudhoofishwa. “Walinzi” na “malezi ya walinzi” ni maneno yanayobeba maana hiyo vizuri zaidi.

4. Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba ardhi ya Arua au Koboko imechafuliwa. Hilo huamuliwa kwa vipimo vya udongo, majani na viungo vya mifugo. Yanachodai ni kwamba vipimo vikifanywa, majibu yake yasiishie katika lugha ambayo mkulima haisomi. Tangu mwaka 2005 katiba inakitambua Kiswahili kama lugha rasmi ya pili ya Uganda. Hadhi hiyo itapata maana siku mchambuzi wa majani ya tumbaku atakapoweza kuuliza, na kujibiwa, kuhusu kilichomo mikononi mwake.