Nani Alifungiwa Nje? Korona na Klabu Tatu za Kakamega

Leo tunaongea historia, lakini si ile ya kukariri tarehe ndio upite mtihani. Nataka tuangalie neno moja tu: klabu.

Hapa Kakamega neno hilo lina maana tatu, inategemea unamuuliza nani. Mzee wa kijijini atakwambia kilabu ni kule kwa busaa, chungu katikati, watu wamezunguka na mirija mirefu, stori haziishi. Mimi na wewe tukisema klabu tunamaanisha ngoma, taa za rangi na kurudi nyumbani asubuhi. Halafu kuna wakili, daktari, mkubwa wa ofisi fulani. Kwao klabu ni kama ile Kakamega Sports Club: nyasi zimenyolewa kama kichwa cha mwanajeshi, gofu ya mashimo tisa, na uanachama unaolipiwa.

Mwaka wa 2020 korona ilifunga klabu zote tatu, na watu wakasema angalau huu ugonjwa hauchagui. Ni kweli, virusi havikuchagua. Lakini wakati wa kufungua ndio tuliona nani ana ua na nani hana. Na huo ua haukujengwa 2020.

Ua ulianzia kwenye dhahabu

Kakamega ilifanywa makao makuu ya wilaya ya North Kavirondo mwaka wa 1920, serikali ya mkoloni ilipohama kutoka Mumias. Kilikuwa kituo kidogo tu cha serikali. Halafu 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, akapata dhahabu huku kwetu. Wazungu wakaja mbio, wengine wakiwa wakulima waliokuwa wamekauka mfukoni kwa sababu bei za mazao zilikuwa zimeanguka dunia nzima.

Shida ilikuwa moja: dhahabu ilikuwa chini ya mashamba ya watu. Sheria ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya rizavu ni ya Waafrika milele, na serikali ikichukua kipande, itatoa kingine badala yake. Ahadi hiyo haikumaliza hata miaka mitatu. Desemba 1932 sheria ikabadilishwa chapchap, ndio ardhi ya machimbo ichukuliwe bila kurudisha ardhi nyingine. Milele ikaisha siku dhahabu ilipoonekana.

Mgodi wa Rosterman ulichimba hadi 1952. Leo Rosterman ni mtaa, na bado utaona watu huko wakiponda mawe na kuosha mchanga wakitafuta punje.

Sasa, popote wazungu wa serikali na wa biashara walipokaa Kenya, klabu ilifuata. Nairobi Club ilianza 1901. Muthaiga ilifunguliwa siku ya mwisho ya 1913. Eldoret na Kitale zikapata zao. Klabu haikuwa mahali pa kunywa tu. Hapo ndipo habari za vyeo, mashamba na mikopo zilipita kwanza, kabla hazijafika kwenye karatasi. Mwafrika aliingia akiwa amebeba kitu: sinia, ufagio, au mfuko wa gofu wa mtu mwingine.

Ugonjwa kama sababu ya kutenganisha watu

Hapa ndipo historia inanishtua. Ile nafasi kubwa ya kijani katika miji ya mkoloni ilitetewa kwa hoja ya ugonjwa.

Tauni ilipoingia Nairobi 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya daktari wa serikali. Mwaka wa 1913 Uingereza ikamtuma mtaalamu wa afya, Profesa W. J. Simpson, akague miji ya Kenya, Uganda na Zanzibar. Ushauri wake: Wazungu wakae kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na katikati kuwe na eneo wazi lisilojengwa nyumba. Kulingana na hoja hiyo, mgeni alikuwa salama akikaa mbali na pumzi ya mwenyeji. Katika miji mingi ya makoloni, maeneo wazi ya aina hiyo yaligeuka bustani, viwanja vya michezo, na gofu.

Halafu mafua makali ya 1918 yakaja kuonyesha vile ua hauzuii hewa. Yalishuka bandarini Mombasa na kufuata reli kuja bara, wakati uleule wapagazi waliokuwa wamebebea jeshi mizigo kwenye vita walikuwa wakirudi nyumbani.

Baada ya uhuru, milango ilifunguliwa. Maafisa wa serikali, walimu wakuu na wafanyabiashara wetu wakaingia wakiwa wanachama. Hiyo ni hatua, siidharau. Lakini ua wenyewe ulibaki palepale. Ada na kupendekezwa na wanachama wenzako vikachukua kazi iliyokuwa ikifanywa na rangi ya ngozi.

Machi 2020

Tunakumbuka mfuatano wake. Tarehe 13 Machi kisa cha kwanza kinatangazwa Kenya. Shule zinafungwa wiki inayofuata, na wengi wetu hatukurudi darasani hadi Januari 2021. Baa zikafungwa kuanzia usiku wa tarehe 22 Machi. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.

Klabu ya gofu huishi kwa jioni. Mtu anatoka kazini, anapiga mashimo machache, kisha anakaa na wenzake. Wachezaji wa gofu wana utani wa zamani kwamba uwanja wa mashimo 18 una shimo la 19, nalo ni baa. Korona ilifunga hilo shimo la mwisho, na klabu nyingi zikagundua kwamba ndilo lililokuwa linalipa bili. Mashindano yakasimama. Hata Kenya Open, iliyokuwa ichezwe Karen Machi 2020, iliahirishwa, ikachezwa 2021 bila mashabiki.

Lakini gofu ina bahati moja: inachezwa nje, na watu wako mbalimbali. Sheria za michezo zilipoanza kulegezwa, michezo isiyo ya kugusana ilikuwa mbele kwenye foleni. Dunia nzima klabu zikatoa masharti: usiguse bendera kwenye shimo, reki za kusawazisha mchanga ziondolewe, kila mtu ashike vijiti vyake mwenyewe.

Hebu soma hilo la mwisho tena. Kila mtu ashike vijiti vyake. Sasa yule anayelipwa kushika vijiti atafanya nini?

Huyo ni kedi. Wengi wao ni vijana wa rika letu, na kawaida si wafanyakazi wa klabu. Hawana mshahara. Anambebea mchezaji mfuko, anamwonyesha mpira umeangukia wapi, anamshauri upepo unaelekea wapi, raundi ikiisha analipwa mkononi. Hakuna raundi, hakuna doo. Hakuna barua ya kusimamishwa kazi kwa sababu hakuna barua ya kuajiriwa. Mwanachama alipoteza burudani yake kwa miezi kadhaa, na uanachama wake ukamngoja. Kedi alipoteza unga, na hakuna kitu kilichomngoja.

Soseji moja, bia nne

Turudi kwa zile klabu mbili nyingine. Mwisho wa Aprili 2020 mikahawa iliruhusiwa kufunguliwa kwa masharti. Baa zikabaki zimefungwa. Kwa hivyo mwenye jiko alikuwa mkahawa, na mkahawa uliweza kuuza pombe na chakula. Ghafla kila baa nchini ikajifunza kupika. Mtu anaagiza soseji moja inakaa mezani kama shahidi, bia zinapita. Serikali ikachoka, na tarehe 27 Julai pombe ikapigwa marufuku kwenye mikahawa pia. Baa zilifunguliwa tena mwisho wa Septemba.

Fikiria kilabu cha busaa katika hiyo miezi. Hakina jiko la kuonyesha, hakina leseni ya mkahawa, hakina wakili. Sikatai, mirija inayopokezanwa kwenye chungu kimoja wakati wa korona ni hatari ya wazi. Lakini nataka uone njia: aliyekuwa na jengo, jiko na makaratasi alipata mlango wa kupitia. Aliyekuwa na chungu na kivuli cha mwembe alipata karau. Na tunajua kafyu ilivyosimamiwa. Mwisho wa Machi mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi. Ndani ya ua wa klabu sikusikia risasi.

Juni 2021, zamu yetu

Halafu ikafika kwetu kabisa. Tarehe 18 Juni 2021 kaunti 13 za upande wa magharibi mwa nchi, Kakamega ikiwemo, zikarudishiwa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, hadi mwisho wa Julai. Nchi nyingine ilikuwa inatembea hadi saa nne usiku. Mikusanyiko ya hadhara ikapigwa marufuku. Masoko yasiyo ya chakula yakasimamishwa siku 30, kwa hivyo mama wa mitumba akakaa nyumbani na mzigo wake.

Kupigana kwa mafahali, ule mchezo wa Waisukha na Waidakho wa asubuhi mapema ambapo kiingilio ni miguu yako na sauti yako, ni mkusanyiko wa hadhara. Muliro Gardens, pale mjini watu wanapobishana siasa na kupiga picha, ni mahali pa hadhara. Unaona neno linalofanya kazi hapo? Hadhara. Chochote kisicho na ua kiliitwa mkusanyiko.

Najua kuna mtu ataniambia: wachezaji wanne wa gofu kwenye uwanja mkubwa si sawa na umati kwa mafahali. Ni kweli, na daktari yeyote atakubali. Ataniambia pia klabu ni mali ya watu binafsi na inaajiri wapishi, walinzi na wakata nyasi. Nakubali pia. Swali langu ni kwa nini ule umbali uliofanya gofu iwe salama ulikuwa wa wachache tayari. Miaka mia moja baada ya Simpson, nafasi na hewa bado vilikuwa upande mmoja wa ua. Huku kwa nyumba za chumba kimoja tukaambiwa tukae mbalimbali, mbalimbali wapi?

Kafyu iliondolewa nchi nzima tarehe 20 Oktoba 2021. Maski zikaacha kuwa lazima nje Machi 2022. Klabu zote tatu zimerudi, tena kwa kelele. Mimi sisemi tubomoe ua wa mtu. Nasema mambo mawili ambayo yanaweza kuulizwa kwenye kikao chochote cha maoni ya umma cha kaunti. La kwanza, mji wetu unakua kila mwaka: ni ekari ngapi mpya za kijani zimetengewa mtu asiye na kadi ya uanachama? La pili ni kwa klabu zenyewe: kedi aandikwe jina, awe na bima na akiba, kama mtu mwingine yeyote anayefanya kazi pale kila wiki.

Ugonjwa mwingine utakuja, historia haijawahi kutuambia vinginevyo. Siku hiyo serikali itasema tena tukae mbalimbali, na mimi ningependa Kakamega iwe na mahali pa kukaa mbalimbali.