Raketi ya vinyoya kwa mwenye bajeti finyu

MTU anayeanza kucheza mpira wa vinyoya, maarufu kama badminton, hukutana na mtihani wa kwanza dukani kabla hajaingia uwanjani. Bei za raketi hupishana mno, ilhali kwa kuzitazama tu zote hufanana.

Mwenye fedha kidogo huweza kukosea kwa njia mbili: kununua jozi ya bei ya chini kabisa inayofaa kuchezewa uani tu, au kujibana anunue raketi ya mabingwa ambayo mkono wake bado hauiwezi.

Jambo la kwanza la kuangalia ni malighafi. Raketi nyingi za bei ya chini hutengenezwa kwa chuma au aluminiamu, na aghalabu hutambulika kwa kiungio kinachoonekana wazi pale ufito unapokutana na kichwa. Ni nzito, na fremu yake hupinda nyuzi zikikazwa sana. Raketi ya kaboni tupu ni nyepesi na huweza kuwekewa nyuzi mpya mara nyingi. Kama fedha inatosha kugharimia sifa moja tu, basi sifa hiyo iwe kaboni.

Pili ni uzito. Katika vipimo vya kampuni ya Yonex, alama ya 3U ni gramu 85 hadi 89, 4U ni gramu 80 hadi 84 na 5U ni gramu 75 hadi 79. Kwa wengi wanaoanza, 4U hutosha.

Aidha, mpini wa G5 ni mwembamba kuliko wa G4. Mnunuzi asiye na hakika achague mwembamba, kwani unaweza kuongezwa unene kwa utepe wa bei nafuu, lakini mnene haupunguziki kwa urahisi.

Tatu ni ufito. Unaonyumbulika humsaidia mchezaji ambaye mpigo wake bado hauna kasi kukifikisha kinyoya nyuma ya uwanja. Ufito mgumu humtaka awe na mpigo wa haraka. Asipokuwa nao, hulazimisha nguvu na kuumiza bega au kiwiko. Vivyo hivyo, kichwa kizito huongeza nguvu ya mpigo lakini huchosha mkono, hivyo raketi yenye uwiano wa kati ndiyo salama zaidi.

Nyuzi nazo zisisahauliwe. Mkazo wa paundi 20 hadi 24, yaani takriban kilo 9 hadi 11, unamtosha anayejifunza. Mkazo ukizidi, sehemu ya katikati inayopiga vizuri hupungua na nyuzi hukatika mapema. Uzi mmoja ukikatika, nyuzi zilizosalia zikatwe mara moja ili fremu isivutwe upande mmoja.

Anayenunua raketi iliyotumika apitishe ukucha kuzunguka fremu yote akitafuta ufa, hasa kwenye matundu ya nyuzi. Ufa katika kaboni, hata uwe mdogo, ni dalili kwamba fremu itavunjika wakati wa kukaza nyuzi.

Hatimaye, bajeti yote isiishie kwenye raketi. Atengewe fundi wa nyuzi fungu lake, na vinyoya pia. Vya nailoni hudumu zaidi kuliko vile vya manyoya 16 ya ndege, na kwa mazoezi ya kawaida vinatosha.