Jinsi kimeng'enya kinachotegemea vitamini B3 kinavyolegeza mfungo wa DNA

Kila seli ya binadamu yenye kiini hubeba DNA yenye urefu wa takriban mita 2. Ili ienee ndani ya kiini hicho, DNA huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, mithili ya uzi wa cherehani uliozungushwa kwenye kijiti. Histoni nane huunda fungu moja, nazo jozi 147 za herufi za DNA hulizunguka.

Mfungo huo huilinda DNA, lakini pia huzuia protini za ukarabati kuifikia inapoharibika. Kizuizi hicho huondolewa kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho PARP-1. Kinapokuta DNA imekatika, huchukua NAD, kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na niasini, yaani vitamini B3. Huivunja na kubandika sehemu yake juu ya histoni na juu ya PARP-1 yenyewe.

Vipande hivyo huungana kuwa mnyororo wenye chaji hasi. Kwa kuwa DNA nayo ina chaji hasi, viwili hivyo husukumana, mfungo hulegea na protini za ukarabati huvutwa mahali hapo. Baadaye kimeng'enya kingine, PARG, huikata minyororo hiyo.

Dalili za mwanzo za mchakato huu zilionekana mwaka 1963 mjini Strasbourg, Ufaransa, katika utafiti wa Pierre Chambon na wenzake. Mwaka 2017 ilibainika kuwa protini nyingine, HPF1, huielekeza PARP-1 kwenye asidi amino iitwayo serini.

Katika maeneo yanayotegemea mahindi, kama vile Kabati na sehemu nyingine za Kitui na Makueni, suala hili lina uzito wa pekee. Niasini iliyomo katika mahindi imefungamana kiasi kwamba mwili hauipati kwa urahisi. Anayekula mahindi matupu kwa muda mrefu huweza kupata pelagra, maradhi ya kubabuka ngozi, kuharisha na kuchanganyikiwa. Muthokoi uliopikwa kwa maharagwe, kunde au mbaazi hupunguza upungufu huo, kwani nafaka za jamii ya kunde zina triptofani. Miligramu 60 zake huupa mwili takriban miligramu 1 ya niasini.

Mahindi hayo hayo huweza kubeba aflatoksini, sumu ya ukungu. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Ini huigeuza sumu hiyo kuwa kemikali inayojibandika kwenye DNA, na kuila kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kusababisha saratani ya ini.

Vitamini B3 si dawa ya sumu hiyo, wala kupika hakuiondoi yote. Kinga ni kukausha mahindi hadi unyevu uwe chini ya asilimia 13.5, kutoyahifadhi sakafuni na kutokula yaliyoota ukungu.