Nani ashike daftari la wagonjwa? Funzo la Kapsabet kwa nchi ya majani chai

Desemba 4, 2025, Kenya na Marekani zilitia saini jijini Washington makubaliano ya afya ya miaka mitano. Wiki moja baadaye, Jaji Bahati Mwamuye wa Mahakama Kuu akasimamisha sehemu inayohusu kupeana data za afya, baada ya shirikisho la kutetea watumiaji bidhaa, COFEK, kulalamika kwamba siri za wagonjwa zingekuwa hatarini. Nairobi, suala hilo lilikuwa la mawakili. Huku Boito, katika milima ya chai ya Konoin, Kaunti ya Bomet, swali lenyewe ni kongwe kuliko makubaliano hayo: ukiugua, jina lako litaishia katika daftari la nani?

Daftari la kwanza lilikuwa la kipande, cheti cha utambulisho cha enzi ya ukoloni. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wanaume Waafrika walichukuliwa alama za vidole, nacho cheti wakakining'iniza shingoni ndani ya kibati. Brooke Bond na James Finlay walipoingia Kericho katikati ya miaka ya 1920, vibarua wa chai walifika shambani na kibati hicho. Mwaka 1921 ilikuja Sheria ya Afya ya Umma, iliyoipa serikali uwezo wa kumtenga mtu mwenye maradhi ya kuambukiza. Kipande kiliondolewa, lakini sheria hiyo, Sura ya 242, ingali hai.

Si kweli kwamba watu wa ukanda huu huchukia kuandikwa. Hospitali za mashamba ya chai Kericho zilihifadhi hesabu za wagonjwa wa malaria kwa miongo mingi, na hesabu hizo ziliwasaidia wanasayansi duniani kujadili kwa nini malaria ilikuwa ikirudi nyanda za juu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wafanyakazi wa mashamba hayo walijitokeza kwa wingi katika utafiti wa virusi vya Ukimwi ulioshirikisha taasisi ya jeshi la Marekani ya Walter Reed. Walielezwa na kuombwa ridhaa kwanza, kisha wakakubali.

Mambo yaliharibika Kapsabet, upande wa Nandi wa ukanda huu wa chai, mwezi Agosti 2010.

Rejista ya kliniki ya kifua kikuu ni kitabu cha kawaida kabisa. Hubeba jina la mgonjwa, umri, kijiji na tarehe za kuchukua dawa. Safu hizo ziliwekwa ili mgonjwa asipoonekana, mhudumu amtafute, amuulize kimemsibu nini. Pengine amekosa nauli au ameenda kutafuta kibarua mbali. Pengine hana chakula, na dawa za TB zikimezwa kwa tumbo tupu humsumbua mtu vibaya. Kwa wanaume wa Kapsabet walioacha dawa, serikali haikuishia kuuliza. Afisa wa afya ya umma aliwapeleka mahakamani, na hakimu akaamuru watengwe ndani ya Gereza la Kapsabet kwa miezi minane, au mpaka watakapomaliza matibabu.

Afisa huyo hakuwa na hofu ya bure. TB husambaa kwa hewa, na dawa zikikatizwa ugonjwa unaweza kuwa sugu na kumpata jirani asiye na hatia. Lakini dawa yake ilikuwa jela! Watu wenye ugonjwa wa mapafu wakatiwa katika seli zenye msongamano, pamoja na mahabusu ambao hawakuugua na ambao hawakuwa na dirisha la kukimbilia. Kama nia ilikuwa kuukinga umma, je, mahabusu si umma?

Agosti 27, 2010, wagonjwa hao wakiwa bado gerezani, Rais Mwai Kibaki alitangaza rasmi Katiba mpya pale Uhuru Park. Kifungu cha 31 kinalinda faragha na cha 28 kinalinda utu wa kila mtu. Walikaa ndani zaidi ya siku 40 kabla ya Mahakama Kuu kuwaachilia mwishoni mwa Septemba.

Wangeweza kurudi nyumbani na kunyamaza. Badala yake, kwa msaada wa KELIN, shirika la kutetea haki za afya, walirudi mahakamani. Machi 24, 2016, siku ambayo dunia huadhimisha vita dhidi ya TB, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kumfunga mgonjwa gerezani kwa jina la matibabu ni kukiuka Katiba, na kwamba kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma hakiruhusu hivyo. Aliiamuru serikali itunge sera ya kuwatenga wagonjwa inayoheshimu haki zao.

Serikali ilikuwa tayari imejikwaa kwingine. Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makamishna wa kaunti wakusanye orodha za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, pamoja na taarifa za walezi wao na za akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Lengo lilisemwa kuwa ni kuwasaidia. Lakini kamishna hufanya kazi kupitia chifu na naibu wake, na kijijini chifu ni jirani, mara nyingine ni jamaa. Siri ya mtoto ingefika kituo cha kuuzia majani chai kabla ya msaada kufika. Katika hukumu iliyotolewa Desemba 7, 2016, Jaji Isaac Lenaola aliona agizo hilo lilikiuka faragha na maslahi ya watoto, akataka majina yaliyokusanywa yafichwe kwa njia ya misimbo ndani ya siku 45.

Halafu ikaja korona, Machi 2020. Sheria ya Kulinda Data ilikuwa na miezi michache tu, na Kamishna wa Data hakuapishwa hadi Novemba mwaka huo. Picha za faragha za mgonjwa aliyepona, aliyejitokeza kuwatia Wakenya moyo, zilisambazwa mitandaoni. Vijijini, waliotoka Nairobi walitazamwa kwa jicho la pembe.

Katika mabaraza tunaambiwa kila mara: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni kweli, lakini wanaotuambia hivyo hawaulizi anayeficha anamwogopa nani. Mgonjwa wa Boito anayepita zahanati ya jirani ili achukue dawa Litein au Kapkatet haogopi sindano. Anaogopa jina lake kutoka mikononi mwa muuguzi na kuingia mikononi mwa mwenye pingu au mwenye mdomo.

Wagonjwa wa Kapsabet walituachia hukumu inayolinda mapafu na heshima ya kila Mkenya, na inasikitisha kwamba katika nchi hii ya chai ushindi wao hautajwi. Kaunti za Bomet, Kericho na Nandi zingeweza kuanza na jambo lisilohitaji mfadhili: kubandika ukutani mwa kila zahanati, kwa Kiswahili na kwa Kikalenjin, orodha ya wanaoruhusiwa kufungua rejista ya wagonjwa, na mahali pa kushtaki akiifungua mwingine. Dharura nyingine itakuja, na wakati huo serikali itahitaji kuambiwa ukweli na wagonjwa. Imani hiyo haiwezi kuamriwa siku ya mlipuko, kwa hiyo ianze kujengwa sasa.