Zahanati Si Kuta: Mama na Mtoto wa Nyakunguru katika Historia ya Afya Vijijini

Nyakunguru ni kijiji cha Tarime, mkoani Mara, katika ukanda wa Nyamongo wenye mgodi wa dhahabu wa North Mara. Baadhi ya hospitali kubwa za jirani ziko Tarime mjini na, ng'ambo ya Mto Mara, Mugumu wilayani Serengeti. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana saa za kupoteza njiani. Kwake, uhai huanzia kwa mhudumu aliye karibu. Ndiyo maana historia ya huduma ya mama na mtoto katika maeneo haya haipaswi kusomwa kama historia ya majengo.

Serikali ya kikoloni ilimweka daktari bomani, sehemu ya huduma za vijijini ikawaachia wamisheni. Wamenoniti walifika Shirati mwaka 1934, na hospitali iliyokua pale ikawa tegemeo la watu wengi wa pwani ile ya Ziwa Viktoria. Lakini Shirati ilikuwa mbali mno kwa mama wa bara ya Tarime aliyeshikwa na uchungu. Yeye alibaki na mkunga wa jadi na majaliwa ya Mungu.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Azimio la Arusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali iliamua kuelekeza fedha za afya kwenye vituo vya afya na zahanati za vijijini badala ya hospitali za mijini. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kujifunza. Mwaka 1974 ukaanza mpango wa kitaifa wa afya ya mama na mtoto, na mwaka 1975 mpango wa chanjo. Dunia ilipokutana Alma-Ata mwaka 1978 kutangaza afya ya msingi kwa wote, Tanzania ilikuwa tayari njiani. Siri ya kipindi kile haikuwa saruji. Ilikuwa watu: wahudumu waliofunzwa kwa muda mfupi, wakapelekwa vijijini kupima wajawazito, kuchanja watoto na kujaza kadi za kliniki.

Kisha fedha zikakauka. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na kuporomoka kwa uchumi vilitangulia; masharti ya mwaka 1986 ya Shirika la Fedha la Kimataifa yakafuata. Wahudumu wa afya wa vijiji, ambao posho yao iliachwa mikononi mwa serikali za vijiji zisizo na kitu, waliacha kazi mmoja mmoja. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulianza. Wajawazito na watoto chini ya miaka mitano walisamehewa, lakini msamaha haununui glovu. Zahanati isiyo na vifaa humgeuza mama mwenye haki ya bure kuwa mteja wa duka la dawa.

Mwaka 2007 ulikuja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ukiahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Wananchi walichanga na kubeba mawe. Lakini kijiji kinaweza kujenga ukuta. Hakiwezi kuajiri mkunga. Ajira mpya serikalini ziliposimamishwa mwaka 2016 kupisha uhakiki, na mwaka uliofuata maelfu ya watumishi wakaondolewa kwa vyeti vya kughushi, hakuna fundi wa kijijini aliyeweza kuziba pengo hilo.

Hapa ndipo dhahabu inapoingia. Halmashauri hutoza ushuru wa huduma kwa asilimia ndogo ya mauzo, na tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 kampuni ya madini hutakiwa kuwa na mpango wa kila mwaka wa huduma kwa jamii unaoidhinishwa na halmashauri. Fedha hizi hupenda majengo, kwa kuwa jengo hufunguliwa kwa utepe na kupigwa picha. Mshahara wa muuguzi hauna utepe.

Tusipuuze mafanikio. Makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015–16 hadi 104 katika ule wa 2022. Lakini wastani wa taifa haumzalishi mtu. Mwaka 2024 Serikali ilizindua upya mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Swali la watumishi wa umma, wanaharakati na wanafunzi wangu ni lile lile lililowaangusha watangulizi wao: nani atawalipa, kwa fungu gani, na hadi lini? Lisipojibiwa kwenye bajeti, tutarudia kosa la miaka ya themanini tukiwa na mabati mapya juu yetu.